Pemba kwa baiskeli: Mzigo wa kwetu, likizo ya wenzetu

UKITAKA kumchekesha mtu wa Makamba, mweleze kwamba wapo watu wanaopanda ndege kutoka Ulaya, wakalipa hoteli, kisha wakalipa tena ili wapewe baiskeli ya kupandisha vilima kwa jasho lao wenyewe.

Nilimweleza hivyo mdogo wangu. Alicheka mpaka akaweka spana chini. Kisha akaniuliza: "Kaka, na huko kilimani wanakuwa wamebeba nini?"

"Hawabebi kitu. Chupa ya maji tu."

Akanyamaza, akaendelea na kazi yake. Mdogo wangu ni fundi baiskeli pale Mabanda, chini ya mwembe, kando ya barabara iendayo mpakani Mugina. Kabla ya hapo alikuwa mbeba mizigo kwa miaka minane. Nitarudi kwake baadaye, kwa sababu makala haya, ingawa ni ya kisiwa cha Pemba, yanamhusu na yeye.

Wawili wa Katumba

Nilikwenda Pemba Agosti 2025, shule zikiwa zimefungwa. Sikwenda kutalii. Nilikwenda kumtembelea mwenzangu tuliyekaa naye dawati moja katika makazi ya Katumba, wilaya ya Mpanda, Tanzania.

Wasomaji waliorudi hawahitaji kuelezwa Katumba ni wapi, wala Mishamo, wala Ulyankulu. Wazazi wetu walifika huko wakikimbia mauaji ya mwaka 1972. Sisi tukazaliwa huko huko, tukasoma kwa Kiswahili, tukaimba wimbo wa taifa wa nchi ambayo haikuwa yetu kwa karatasi.

Mwaka 2008 tukatakiwa kuchagua: kurudi Burundi au kuomba uraia wa Tanzania. Baba yangu alichagua kurudi. Baba wa mwenzangu alichagua kubaki, na mwaka 2014 familia yao ikapata vyeti vya uraia. Mimi nikapanda treni ya kwenda Kigoma, yeye akabaki stesheni akipunga mkono.

Leo mimi ni mwalimu wa Kiswahili Makamba. Yeye anaongoza wageni wanaozunguka Pemba kwa baiskeli. Alianza kama fundi wa kuziba pancha, akajifunza Kiingereza cha barabarani, sasa ana baiskeli saba za milima na daftari la wateja.

Safari yenyewe ni ndefu lakini inawezekana kwa mfuko wa mwalimu. Nilivuka Mugina kuingia Manyovu, nikafika Kigoma, nikapanda basi hadi Dodoma. Kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam nilipanda treni ya umeme, ile iliyoanza kazi mwaka 2024. Kisha boti hadi Unguja, na meli hadi bandari ya Mkoani, kusini mwa Pemba.

Kisiwa kisicho na mlima

Nilipoona baiskeli aliyoniletea bandarini, nilimtania. Ilikuwa na matairi mapana yenye meno, breki za sahani na gia tele. "Baiskeli ya milima," nikamwambia, "na mlima wenyewe uko wapi?"

Sisi tunaotoka Makamba tumezoea kuwatazama watu wa pwani kama watu wa tambarare. Na kweli, Pemba hakuna kilima kinachofika hata mita 150 kutoka usawa wa bahari. Ukisimama kwetu juu ukatazama Ziwa Tanganyika, unalitazama kutoka mamia ya mita.

Mwenzangu hakujibu. Alisema tu: "Twende, Mwalimu. Chake Chake ni kama kilomita 30."

Kufika kilomita ya kumi nilikuwa nimekwisha kujuta. Pemba haina mlima, lakini haina pia tambarare. Unapanda kilima kifupi kikali, unashuka kwenye bonde la mpunga, na kabla hujavuta pumzi kingine kinaanza. Mlima wa kwetu unajua utaumaliza saa ngapi. Vilima vya Pemba havikuambii.

"Usisubiri uchoke ndipo ubadili gia," mwenzangu alinifundisha. "Badili ukiwa bado chini, mguu uzunguke mwepesi. Ukichelewa, mnyororo unalia."

Nilijisikia kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Tangu utoto nimeendesha baiskeli isiyo na gia hata moja, ambayo gia yake ni kushuka na kuisukuma.

Waarabu walikiita kisiwa hiki Kisiwa cha Kijani, na hawakukosea. Kuna minazi, migomba, mihogo, na juu ya yote mikarafuu. Barabara kuu ni za lami, lakini raha ya mwenye baiskeli iko kwenye vijia vya udongo mwekundu vinavyounganisha kijiji na kijiji, mahali ambapo gari haliwezi kupita.

Popo wanaolipa

Siku ya pili tulikwenda Kidike, si mbali na Chake Chake. Pale, juu ya miti mirefu, wananing'inia popo wakubwa ambao hawapatikani popote duniani isipokuwa Pemba. Akikunjua mabawa yake, mmoja anafika mita moja na nusu.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 popo hawa walikuwa karibu kwisha, maana waliwindwa kwa kitoweo na miti yao ikakatwa. Wanavijiji wakahamasishwa kuwalinda, na wageni wakaanza kulipa kiingilio kidogo cha kuja kuwaona. Hesabu zilizofanywa baadaye zikaonyesha kuwa wamezidi 20,000.

Hapo ndipo mwenzangu alinieleza hesabu ya kazi yake. Mgeni wa gari, alisema, anashuka bandarini, anafunga vioo, anafunguliwa mlango hotelini. Kijiji kinapata vumbi. Mgeni wa baiskeli anapata kiu, anapata njaa, anapata pancha, anapotea njia.

"Kila anapopata shida, kuna mtu anauza suluhisho," alisema.

Siku hiyo nilihesabu. Tulisimama mara nane. Tulinunua madafu kwa kijana, chapati kwa mama mmoja aliyekaa kibarazani, ndizi kwa watoto, na tukalipa kiingilio cha popo. Fundi mmoja alitutia upepo akakataa malipo, mwenzangu akamwachia kiraka na solusheni. Hakuna aliyepata fedha nyingi, lakini wote walipata.

Harufu ya karafuu

Siku ya tatu tulishika barabara ya zamani kutoka Chake Chake kwenda Wete, kama kilomita 22 za kupinda katikati ya mashamba ya mikarafuu. Kabla hujaona karafuu unazinusa. Zilikuwa zimeanikwa kando ya barabara juu ya mikeka, nyingine bado za kijani, nyingine zimegeuka rangi ya kahawia.

Kwenye mkeka wa kwanza mwenzangu alishuka kwenye baiskeli, nami nikashuka. "Hapa hatupiti tumekaa kitini," alininong'oneza. "Huu ni mshahara wa mtu wa mwaka mzima."

Mwenye mkeka alikuwa mzee mwenye kofia ya kiua. Tukampa shikamoo, akaitika, "Marahaba, wanangu." Kisha akanigeukia: "Wewe watoka wapi?"

"Burundi, mzee."

"Na Kiswahili umekipata wapi huko?"

Nikamwambia kuwa ndicho ninachofundisha, na kwamba Bujumbura kuna mtaa uitwao Buyenzi ambako Kiswahili ni lugha ya nyumbani, na Rumonge pia, na Nyanza-Lac. Alifurahi. Akachukua vijiti vidogo vilivyotengwa pembeni, akanitilia kiganjani. "Mwalimu, hivi vyaitwaje?"

Sikujua. Miaka mingi nafundisha Kiswahili, na neno hilo sikuwa nimelikuta.

"Makonyo," akasema, akacheka kwa upole. Ni vikonyo vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa. Navyo havitupwi. Karibu na Chake Chake, pale Wawi, kuna kiwanda kinachoyachemsha makonyo kutoa mafuta yenye harufu.

Mzee alitueleza kuwa Pemba haikuwa mama wa karafuu tangu zamani. Zilianza kupandwa kwa wingi Unguja. Mwaka 1872 kimbunga kikaangusha mashamba ya Unguja, Pemba ikanusurika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo kisiwa hiki ndicho kinachotoa karafuu nyingi. Nilisikia mwaka huo nikawaza ule wetu wa 1972. Sikusema kitu.

Hapa niwape tahadhari wenzangu wafanyabiashara wa mpakani, maana najua mmekwisha kuanza kupiga hesabu. Karafuu ya Zanzibar hununuliwa na shirika la serikali, ZSTC. Kuinunua kwa mkulima na kuivusha kwa njia zako ni magendo, na hadithi za majahazi yaliyovuka usiku kwenda Kenya watu wa Pemba wanazo nyingi, pamoja na za waliokamatwa. Nunua pakiti ya dukani yenye risiti, upeleke nyumbani kwa ajili ya pilau.

Mchanga wa Kigomasha

Siku ya nne ndiyo iliyonifundisha kwa nini matairi yale ni mapana. Kutoka Wete tulipanda hadi Konde, tukaingia msitu wa Ngezi, mabaki ya msitu mkubwa ambao zamani ulienea kaskazini mwa kisiwa. Njia ni ya udongo, kivuli ni kizito, na ndege wanalia bila kuonekana. Kuna aina nne za ndege ambazo ni za Pemba peke yake, mmoja wao ni bundi mdogo.

Sehemu moja palikuwa na maji. Udongo mwekundu uliolowa ulinasa kati ya tairi na uma hadi gurudumu likagoma kuzunguka. Mwenzangu akavunja kijiti, akaukwangua, akanipa na mimi kijiti changu. "Spea ya Pemba," akasema.

Baada ya msitu unatokea Vumawimbi, ufuko mweupe ambao siku ile tulikuwa sisi na wavuvi wawili. Kuelekea mnara wa taa wa Ras Kigomasha njia ikawa mchanga mtupu. Nilikanyaga nikazama. Mwenzangu alishuka, akatoa upepo kidogo kwenye matairi yangu yote mawili. Tairi likalala, likakaa juu ya mchanga kama mguu wa ngamia, nikapita. Tulipofika kwenye njia ngumu tukapiga pampu tena.

Pale mnarani nilikaa chini nikatazama bahari. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikuwa nimeendesha baiskeli siku nzima bila kupeleka kitu mahali. Sikuwa na gunia nyuma wala mgonjwa kwenye karia. Ilinichukua muda kukubali kuwa hiyo si aibu.

Phoenix ya baba

Baba alinunua Phoenix yake Mpanda kwa fedha za tumbaku. Ndiyo iliyompeleka mama zahanati, ndiyo iliyobeba mahindi, ndiyo niliyojifunzia kwa kupitisha mguu chini ya mtambo kwa sababu sikufikia kiti. Tuliporudi mwaka 2008 ilifungwa juu ya lori pamoja na magodoro. Kitu cha kwanza baba alichouliza tulipofika ni kama ringi zimepinda.

Mimi nilirudi na cheti cha kidato cha sita. Kiswahili na Kiingereza vilikuwa vimekwisha kuingizwa katika shule za msingi za Burundi, walimu walitakiwa, nikapata kazi. Mdogo wangu alikuwa na miaka 13. Aliingizwa darasa linalofundishwa Kirundi na Kifaransa, akafungua kinywa kwa Kiswahili, wakamcheka. Alivumilia miaka miwili akaacha. Lugha ile ile iliyonipa mkate mimi ndiyo iliyomtoa yeye shule.

Akachukua Phoenix ya baba. Alibeba madumu manne ya mawese ya lita 20 kutoka Nyanza-Lac kupandisha hadi Makamba, na ndizi wakati wa kushuka. Mlimani alikuwa akishika lori kwa nyuma, kama wafanyavyo wenziwe wote, hadi siku ya mwaka 2019 lori liliposimama ghafla. Mguu wa kushoto ulivunjika mara mbili, na fremu ya baba ikapinda.

Nikiri jambo moja. Katika miaka hiyo minane nilipokuwa nikimpita barabarani nikiwa ndani ya basi, sikuwa nikimpungia mkono kama abiria wengine walikuwa wanatazama.

Tumeidharau baiskeli wakati inatulisha. Hata jina bodaboda lilizaliwa na baiskeli zilizobeba watu mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, kabla pikipiki hazijalichukua. Machi 2022 baiskeli za abiria, pamoja na pikipiki na bajaji, ziliondolewa katikati ya jiji la Bujumbura. Kisha mafuta yakaadimika, na walioicheka baiskeli wakaanza kuiazima.

Majirani zetu Rwanda wamekwenda mbali zaidi. Wana njia ya kilomita 227 kando ya Ziwa Kivu, kutoka Rubavu hadi Rusizi, ambayo wageni huipita kwa baiskeli na kwa miguu. Na Septemba 2025 Kigali ikawa mji wa kwanza wa Afrika kuandaa mashindano ya dunia ya mbio za baiskeli za barabarani. Vilima vyao ni ndugu wa vilima vyetu.

Kwa anayetaka kwenda

Epuka masika, kuanzia Machi hadi Mei. Juni hadi Oktoba ni wakati mzuri. Pemba ni kisiwa cha Waislamu, hivyo mwanamume asiendeshe kifua wazi, na mwanamke afunike mabega na magoti. Mwezi wa Ramadhani usinywe maji mbele za watu mchana, hata kama kilima kimekutoa ulimi. Salimia kwanza, uliza njia baadaye. Mimi nilitozwa shilingi elfu kumi za Tanzania kwa siku, lakini hiyo ilikuwa bei ya mtu wa Katumba. Patana bei kabla ya kupanda, na kagua breki mwenyewe.

Jibu la mdogo wangu

Usiku wa mwisho mwenzangu alinipa pendekezo. Mafundi wa kuziba pancha wapo wengi, alisema, lakini fundi anayeweza kunyoosha ringi kwa macho ni adimu. "Mlete mdogo wako. Msimu wa wageni alale kwangu. Tutafuata taratibu za kibali cha kazi. Mguu hauhitajiki, mikono tu." Akanifungia mfuko wenye gia za zamani na mnyororo, vitu ambavyo mgeni mmoja aliviacha.

Nilirudi na furaha ya mtu aliyelipa deni. Nikaenda moja kwa moja kwenye mwembe, nikamweleza mdogo wangu habari zote, vilima, popo, karafuu, na mwisho nikamweleza kuhusu kazi.

Alifuta mikono kwa kitambaa, polepole.

"Kaka, mimi Tanzania nimezaliwa," alisema. "Siwezi kurudi kuwa mgeni mahali nilipozaliwa. Na hapa walinicheka mpaka wakachoka, sasa wananiita fundi. Nikiondoka nitaanza upya mara ya ngapi?"

Sikuwa na jibu. Nadhani wengi waliorudi watalielewa neno lake kuliko mimi nilivyolielewa siku ile. Nilikuwa nimekwenda kumtafutia njia ya kuondoka, wakati yeye alikuwa amekwisha kufika.

Akaufungua mfuko. Akazitoa gia moja moja, akazigeuza juani, akahesabu meno kwa kucha. Kisha akaingia ndani, akatoka na fremu ya Phoenix ya baba, ambayo kumbe alikuwa ameinyoosha siku nyingi bila kuniambia.

"Muulize mwenzako," alisema. "Hizi zinaweza kuingia kwenye Phoenix?"

Nikapiga simu Pemba papo hapo. Jibu likaja: gurudumu la gia ni pana zaidi, itabidi uma wa nyuma upanuliwe kwa uangalifu, usivunjike.

Mdogo wangu alipima kwa vidole vyake nafasi iliyopo.

"Hilo naliweza," akasema. "Na barabara ya kushuka Nyanza-Lac ninaijua kila shimo. Akija mgeni asiye na mzigo, nitampeleka."

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa Kiswahili Makamba, ambayo sasa ni sehemu ya mkoa wa Burunga.